Kuchanganya au kufuta: bendera na wimbo wa taifa vinapowagawa raia

Msomaji ameuliza swali ambalo nalifupisha hivi: katika nchi yenye watu wa rangi na asili mbalimbali, ambako bendera na wimbo wa taifa vilivyorithiwa hulifariji kundi moja na kuliumiza jingine, lipi ni bora, kuchanganya vya zamani na vipya kama walivyofanya Waafrika Kusini, au kufuta vyote na kuanza upya? Kisha anaongeza sentensi moja iliyonifanya niliahirishe jibu hili kwa siku kadhaa. Anasema kuchanganya ni sawa na kumtaka aliyechapwa aimbe wimbo wa aliyemchapa.

Nitaanza na jibu lenyewe, halafu nieleze nilivyolifikia. Kwa maoni yangu bendera ya zamani ya Afrika Kusini ilistahili kuondoka yote, lakini wimbo wa zamani haukulazimika kuondoka wote, na hukumu hizi mbili hazipingani. Tumezoea kuitaja bendera na wimbo wa taifa kwa pumzi moja, kana kwamba ni pacha, ilhali vinamgusa raia kwa njia tofauti kabisa. Bendera hutazamwa, wimbo hutamkwa. Mtu anaweza kupita chini ya bendera asiyoipenda akiwa na mawazo yake moyoni na asijulikane na yeyote, lakini wimbo unamdai kinywa chake, tena hadharani, tena kwa lugha ambayo huenda si ya mama yake. Ndiyo maana dawa inayoponya ugonjwa wa bendera mara nyingi haifai kwa ugonjwa wa wimbo.

Tuitazame bendera kwanza. Ile ya rangi ya chungwa, nyeupe na buluu, ambayo leo inatambulika duniani kote kuwa alama ya ubaguzi wa rangi, ilitungiwa sheria mwaka 1927 na kupandishwa mlingotini tarehe 31 Mei 1928, miaka ishirini kabla ya chama kilichojenga mfumo wa ubaguzi huo kushika madaraka mwaka 1948. Wengi hawajui kwamba bendera hiyo yenyewe ilikuwa suluhu, zao la kuchanganya. Serikali ya waziri mkuu Hertzog, ikiongozwa katika jambo hili na waziri wake wa mambo ya ndani D. F. Malan, ilitaka bendera isiyo na chembe ya Uingereza, nao Wazungu wa asili ya Kiingereza, hasa wa jimbo la Natal, wakahisi kwamba wanang'olewa katika himaya yao, hata maneno ya Natal kujitenga yakaanza kusikika. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kuchukua mistari mitatu ya bendera ya kale ya Waholanzi, na katikati ya mstari mweupe wakapanga vibendera vitatu vidogo: cha Uingereza, cha Orange Free State na cha Transvaal. Juu ya hayo, bendera ya Uingereza iliendelea kupepea sambamba na hiyo mpya hadi mwaka 1957.

Ukiisoma suluhu hiyo kwa macho ya waliokuwa mezani, utakiri kwamba ilikuwa ya ukarimu. Kaburu alipata rangi za mababu zake na jamhuri zake mbili zilizoshindwa vitani, naye Mwingereza akapata kipande chake cha kitambaa. Aliyekosa hata uzi mmoja ni Mwafrika, ambaye ndiye alikuwa wengi nchini, pamoja na Mhindi na watu waliochanganya damu. Sikusudii kusema kwamba waliosahauliwa walisahauliwa kwa bahati mbaya. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba neno "kuchanganya" peke yake halina sifa wala aibu. Bendera ya 1928 ilichanganya, na bendera ya 1994 pia ilichanganya, lakini ya kwanza ilichanganya mali za Wazungu wa pande mbili waliokuwa wakigombana, ikayaita hayo taifa.

Habari ya bendera ya pili ni fupi zaidi na, kusema kweli, ina kichekesho ndani yake. Umma ulialikwa kuleta michoro, ikaja zaidi ya 7,000, na hakuna hata mmoja ulioweza kukubaliwa. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ukiwa umebakiza wiki chache, kazi ilimwangukia Frederick Brownell, mtaalamu wa nembo aliyekuwa mtumishi wa serikali ile ile iliyokuwa ikiondoka, na mchoro wake ukapitishwa mwezi Machi kisha ukapandishwa tarehe 27 Aprili 1994, kwa masharti kwamba ni wa muda tu. Katiba ya 1996 iliukuta watu wameshauzoea, na mchoro wa muda ukawa wa kudumu.

Kwa nini ulipokewa haraka namna ile, katika nchi iliyokuwa ikimwaga damu hadi mkesha wa uchaguzi? Sababu ninayoiona mimi ni kwamba bendera hiyo inajua kunyamaza. Serikali haikutoa maana rasmi ya rangi zake sita. Anayetaka kuona nyeusi, kijani na dhahabu za ANC, chama cha Mandela, ataziona, na anayetaka kuona nyekundu, nyeupe na buluu za jamhuri za Makaburu au za Uingereza naye ataziona, wala hakuna mwalimu wa kumsahihisha. Njia mbili zinazoanzia pembeni na kukutana katikati zinasema jambo ambalo kila upande unaweza kulikubali bila kukiri kosa. Tena hakuna kibendera cha mtu yeyote ndani yake. Hapo ndipo penye tofauti na ya 1928, ambayo ilimpa kila mwenye nguvu pembe yake, kwa hiyo kila asiye na pembe alijua mara moja kwamba hayumo.

Huko Marekani kuna mfano unaohusu jimbo, si taifa zima, lakini unafundisha jambo ambalo Afrika Kusini haiwezi kutufundisha, yaani nini hutokea wanaoumizwa wakiwa wachache. Jimbo la Mississippi lilikuwa na bendera ya tangu 1894 yenye alama ya vita ya majeshi ya Kusini, yale yaliyopigania kubaki na utumwa, ilhali zaidi ya theluthi ya wakazi wa jimbo hilo ni Wamarekani weusi. Mwaka 2001 wananchi waliulizwa kama wanataka kuibadilisha, na karibu asilimia 64 wakasema ibaki. Mwaka 2020, baada ya maandamano makubwa ya kupinga ubaguzi nchini humo, bunge la jimbo liliiondoa kwanza kwa sheria, kisha likawapa wananchi mchoro mmoja mpya, wenye ua la magnolia, waukubali au waukatae, na ile ya zamani haikuwa kwenye karatasi ya kura. Takriban asilimia 73 waliukubali. Siamini kwamba nyoyo za watu zilibadilika kwa kiasi hicho kwa sababu ya miaka kumi na tisa tu. Mpangilio wa swali nao ulifanya kazi yake. Ukiwauliza walio wengi kama wako tayari kuachia kilicho chao, hesabu ya kura inajulikana kabla ya kupigwa. Kura ya maoni ni chombo kizuri cha kuchagua kati ya vitu ambavyo havimtukani mtu, na chombo kibovu cha kuamua kama mtu ametukanwa.

Sasa tuje kwenye wimbo, ambako ndiko swali la msomaji linakouma.

Afrika Kusini ya 1994 ilikuwa na nyimbo mbili zilizokuwa zikitazamana kama majirani wenye kesi. Mmoja ni Nkosi Sikelel' iAfrika, uliotungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni aitwaye Enoch Sontonga, ukaimbwa katika mkutano wa mwaka 1912 ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na ukavuka mipaka kiasi kwamba mnamo 1961 sauti yake ndiyo iliyobeba maneno ya Mungu Ibariki Afrika. Mwingine ni Die Stem, shairi la Kiafrikaans la C. J. Langenhoven la mwaka 1918, lililotiwa muziki na mchungaji M. L. de Villiers mwaka 1921, na kuwa wimbo pekee wa taifa kuanzia 1957. Wimbo wa kwanza ni sala, wa pili ni kiapo. Katika wa kwanza watu wanaomba ardhi yao na watu wake wabarikiwe, na katika wa pili wanaahidi kuitikia wito wa nchi na kujitoa kwa ajili yake. Ukizisoma kwa jicho la fasihi tu, bila kujua historia, hutaona chuki katika mojawapo.

Lakini hakuna aliyeziimba bila kujua historia. Mwezi Agosti 1992, timu ya raga ya Afrika Kusini iliporejea kwenye mashindano ya kimataifa na kucheza na New Zealand katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, makubaliano na ANC yalikuwa kwamba bendera ya zamani na Die Stem vikae kando. Umati ulivitumia vyote viwili kwa makusudi. Siku ile Die Stem haukuwa wimbo wa kuipenda nchi, ulikuwa wimbo wa kumwambia mtu kwamba nchi si yake. Sioni jinsi ya kumlaumu yeyote aliyeusikia na kuapa kwamba hatauimba maisha yake yote.

Pamoja na hayo, wengi ndani ya ANC walipotaka ufutwe, Mandela alikataa. Mwaka 1994 nyimbo zote mbili zikawa rasmi, moja baada ya nyingine, jambo ambalo lilichosha kila aliyesimama kwenye sherehe, na mwaka 1997 zikafupishwa na kuunganishwa kuwa wimbo mmoja wenye lugha tano: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaans na Kiingereza. Wanamuziki husema ni kitu adimu, kwa kuwa unaanzia katika ufunguo mmoja wa muziki na kuishia katika mwingine bila kurudi ulikotoka.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atazame kwa karibu, maana sentensi yake kuhusu aliyechapwa inachukulia kwamba Die Stem uliingizwa kama ulivyokuwa. Haukuingizwa hivyo. Ubeti wa kwanza wa Langenhoven unaanza na buluu ya mbingu, kina cha bahari na milima ya milele ambako majabali huitika sauti. Mistari hiyo minne imebaki. Inayofuata katika shairi lenyewe inataja nyanda za mbali zilizoachwa tupu na mlio wa mkokoteni wa ng'ombe, yaani ile safari kuu ya Makaburu kuelekea bara katika miaka ya 1830. Hiyo imekatwa. Mbingu, bahari na milima ni vya kila mtu, lakini kuziita nyanda hizo tupu ni hoja ya umiliki, inayodai kwamba ardhi ilikuwa haina wenyewe Makaburu walipofika. Aliyeukata wimbo mahali pale alijua vizuri anapopitisha kisu. Mahali pa mistari iliyoondolewa pamewekwa maneno mapya ya Kiingereza yanayozungumzia wito wa kukutana na kusimama pamoja, yakiimbwa kwa sauti ile ile ya de Villiers.

Kwa hiyo aliyechapwa hakuambiwa aimbe wimbo wa aliyemchapa. Ameambiwa aimbe mandhari ya nchi yake kwa lugha ya aliyemchapa, jambo ambalo bado ni gumu, na sidhani tuna haki ya kulipunguza ugumu wake. Upande wa pili nao una mzigo wake, kwa kuwa Mzungu aliyekulia akiambiwa kwamba Nkosi Sikelel' ni wimbo wa magaidi sasa anatakiwa kuanza nao, tena kwa Kixhosa, kabla hajafika kwenye sehemu anayoijua. Viwanjani bado unaweza kuwaona wachezaji na mashabiki wanaoimba sehemu yao kwa nguvu kisha midomo ikapoa sehemu ya jirani inapofika. Wengine hulitaja hilo kuwa ushahidi kwamba mpango umeshindwa. Mimi nalichukua kuwa kipimo kinachofanya kazi, kwa sababu wimbo uliofanywa wa upande mmoja tu usingetuonyesha nani amenyamaza wala wapi.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti, na zinafaa kutajwa ingawa si zote kwa uzito sawa. Bosnia na Herzegovina, baada ya vita vya kikabila vya miaka ya 1990, ilishindwa kukubaliana hata juu ya bendera, ikalazimishiwa moja mwaka 1998 na mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa, Carlos Westendorp, na wimbo wake, uliotungwa na Dušan Šestić, hauna maneno hadi leo. Maneno yalipendekezwa, lakini hayakupitishwa. Wimbo usio na maneno hauwezi kumtukana mtu, wala hauwezi kumkumbatia. Ni kama mkataba wa kusitisha mapigano, ambao ni bora kuliko vita, lakini hakuna anayeutolea machozi. Singapore ilichukua njia ya kinyume, na mimi huiona kuwa ya ujasiri: walio wengi ni wenye asili ya Kichina, ila wimbo wa taifa, Majulah Singapura wa Zubir Said, ni wa Kimalei, lugha ya walio wachache, nao huimbwa kwa lugha hiyo tu. Mwenye idadi kubwa ndiye aliyekubali kujifunza. New Zealand ilifika kwa ajali. Maneno ya Kimaori ya wimbo wake yalikuwepo tangu 1878, ila hayakuwa yakisikika sana katika hafla kubwa, mpaka mwaka 1999 mwimbaji Hinewehi Mohi alipouimba kwa Kimaori peke yake kwenye Kombe la Dunia la raga huko London. Kelele zilikuwa nyingi. Katika miaka iliyofuata ikawa desturi kuanza na Kimaori na kumalizia na Kiingereza, na leo huenda vijana wengi wa huko hawajui kwamba palikuwa na ugomvi.

Lipo jambo ambalo msomaji hakuliuliza lakini haliwezi kuachwa, nalo ni kulazimisha. Mahakama kadhaa zimeuwekea ulazimishaji huo mpaka, kila moja kwa njia yake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1943 kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera. Mahakama ya Juu ya India mwaka 1986 iliwarudisha shuleni watoto watatu wa Kerala, Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wamefukuzwa kwa sababu walisimama kwa heshima wakati wa wimbo wa taifa lakini hawakuimba. Huko Israeli, ambako karibu mtu mmoja kati ya watano ni Mwarabu na wimbo wa taifa unataja nafsi ya Kiyahudi, jaji Mwarabu wa Mahakama ya Juu, Salim Joubran, alisimama pamoja na wenzake katika hafla ya mwaka 2012 na midomo yake ikabaki imefungwa. Wako waliotaka afukuzwe kazi. Naona alifanya kile ambacho jamii ya watu wengi inaweza kudai kwa haki, na hakutoa zaidi. Unaweza kumwomba mtu asimame kwa ajili ya majirani zake, lakini ukimlazimisha kuimba, unachokipata si uzalendo, ni sauti tu.

Na bendera iliyoondolewa je, inaruhusiwa kuonekana? Afrika Kusini imelijibu hili mahakamani. Baada ya bendera ya zamani kuonekana katika maandamano ya Oktoba 2017 ya kupinga mauaji ya wakulima, taasisi ya Nelson Mandela ilifungua shauri, na mwezi Agosti 2019 Jaji Phineas Mojapelo wa Mahakama ya Usawa aliamua kwamba kuipeperusha bila sababu ya msingi ni matamshi ya chuki. Hakuipiga marufuku moja kwa moja, kwani aliacha nafasi kwa sanaa, elimu, uandishi wa habari na maslahi ya umma, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliunga mkono kiini cha uamuzi huo. Naukubali, nikiangalia zaidi ile nafasi iliyoachwa, kwa sababu bendera ambayo mtoto hawezi kuiona hata katika jumba la makumbusho itarudi siku moja ikiwa na mvuto wa kitu kilichofichwa.

Nirudi sasa kwenye shaka ya msomaji, ambayo ina watetezi wakubwa. Chama cha EFF cha Julius Malema kimedai kwa miaka mingi kwamba sehemu ya Die Stem iondolewe katika wimbo wa taifa, na dai hilo halistahili kupuuzwa kwa sababu tu linatolewa kwa ukali. Ila lina vitu viwili vilivyofungwa pamoja ambavyo ningependa vifunguliwe. Kuna sauti ya wimbo, yaani muziki wa de Villiers, ambao ndio unaozirudisha kumbukumbu za gwaride na magereza, na kuna lugha ya Kiafrikaans. Zaidi ya nusu ya watu ambao Kiafrikaans ni lugha yao ya kwanza si Wazungu. Wengi wao ni watu wa Cape na kwingineko ambao dola ile ile iliwahamisha kwa nguvu kutoka makazi yao, na ambao baadhi ya mababu zao walikuwa watumwa waliosaidia kuiunda lugha hiyo jikoni na mashambani. Ukikata ile mistari minne kwa hoja kwamba ni lugha ya mtesi, umewafukuza katika wimbo watu walioteswa.

Australia ilibadilisha neno moja tu katika wimbo wake tarehe 1 Januari 2021, ikaacha kujiita taifa changa na kujiita taifa moja, kwa kuwa wenyeji wake wa asili wameishi pale kwa makumi ya maelfu ya miaka. Afrika Kusini nayo inaweza kurudi mezani. Ikirudi, ningependekeza Kiafrikaans kibaki na muziki ubadilike, na mistari mipya iombwe kwa mshairi wa Kiafrikaans asiye Mzungu.